Historia ni lazima, lakini ni historia ya nani?

BINTI wa kaka yangu alishuka kwenye basi la Mutukula mwanzoni mwa Februari 2025 akiwa na mabegi mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na vyeti vyake vya shule ndani ya bahasha ya kaki, kahawa ya kutafuna aliyotuma mama yake, na kopo la senene wakavu ambalo liliisha kabla ya wiki kwisha.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Baba yako hajambo? Mpaka umetulia?”

“Hajambo. Anasema mahindi yamepanda bei, hawezi kuondoka.”

Kaka yangu ni mtu wa mpakani. Upande mmoja anauza mahindi na maharage, upande wa pili anauza vyombo vya plastiki. Mke wake ni Mtanzania, na watoto wao wamesoma wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera, kwa sababu shule ilikuwa karibu na nyumba ya babu yao mzaa mama. Binti huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na baba yake alitaka aendelee na kidato cha tano Kampala, akae kwangu hapa Ntinda.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua safari hiyo. Wapo waliosomea Kenya wakarudi na cheti cha Nairobi, wapo waliozaliwa Kongo au Sudan wakati wazazi wao ni wakimbizi, na wapo kama mimi, tuliokwenda mbali kutafuta maisha na baadaye tukarudi. Sote tunajua kwamba mzigo wa nguo hupita mpakani kwa urahisi kuliko mzigo wa masomo.

Nilidhani kazi kubwa ingekuwa vyeti. Sikujua kwamba usiku wa tatu tu, kwenye meza yangu ya chakula, tungeanza kubishana kuhusu vita vilivyopiganwa kabla watoto hawa hawajazaliwa.

Chakula cha jioni chageuka darasa

Mwanangu wa kiume alikuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha tatu. Jioni ile alikuja mezani na daftari. Mwalimu wake wa historia alikuwa ametoa kazi: kila mwanafunzi amtafute mtu mzima, amwulize kuhusu tukio moja lililobadilisha maisha ya familia, kisha atafute mtu wa pili anayelikumbuka tukio hilo hilo kwa namna tofauti. Aandike yote mawili na aeleze kwa nini yanatofautiana.

Binti wa kaka yangu hakungoja aulizwe. “Andika Vita vya Kagera,” alimwambia binamu yake. “Babu yangu alikuwa mgambo. Wanajeshi wa Amin waliingia kwetu mwaka 1978, wakaiba ng’ombe, wakaua watu, wakavunja daraja la Kyaka. Babu alivuka na jeshi hadi huku.”

Mwanangu aliinua kichwa. “Sisi hatuviiti hivyo. Ni vita vya ukombozi vya mwaka 1979. Amin aliondolewa Kampala tarehe 11 Aprili. Waganda nao walipigana, si Watanzania peke yao.”

“Mlikombolewa na nani kama si sisi?”

“Sisi nani? Wewe baba yako si Mganda?”

Hapo nikaweka kijiko chini. Kabla sijasema neno, jirani yetu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli alilokuja kurudisha. Mama huyu ni mtu wa Arua. Ana duka la vitenge hapa Ntinda na mzigo wake mwingi hupitia Ariwara, upande wa Kongo. Tumeishi naye miaka mingi na hatujawahi kuzungumza siasa.

“Kwetu hatuna jina la vita hivyo,” alisema. “Sisi tunasema mwaka tuliokimbia.”

Alikuwa na umri wa miaka sita. Amin alikuwa ameanguka, na kwa kuwa Amin alitoka West Nile, kila mtu wa West Nile alihesabiwa kuwa mtu wake. Mama yake alimbeba mdogo wake mgongoni, yeye akabeba sufuria, wakaingia Zaire kwa miguu. Alirudi Uganda akiwa msichana mkubwa anayezungumza Kilingala kuliko Kiingereza. Shuleni walimcheka.

Watoto wangu wawili walinyamaza. Mwanangu aligeuza ukurasa wa daftari. Alikuwa ameagizwa apate masimulizi mawili, na sasa alikuwa na matatu.

Mtaala ulitungwa jirani yetu

Siku zilizofuata nilikuwa na shughuli za vyeti, na shughuli hizo hufanyika hapa hapa kwetu. Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, yaani UNEB, lipo Ntinda, Martyrs Way. Hapo ndipo vyeti vya sekondari kutoka nchi nyingine hulinganishwa na vya Uganda. Ukipanda bodaboda kuelekea Kyambogo, utalikuta Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambalo hulinganisha vyeti vya vyuo. Kyambogo hiyo hiyo ndiko kilikotungwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, katika kituo cha kuendeleza mitaala, NCDC.

Kwa maneno mengine, mambo ambayo mtoto wa Moroto, wa Kasese na wa Busia atapaswa kuyajua kuhusu nchi yake yaliamuliwa katika vilima viwili ambavyo bodaboda huvizunguka kwa dakika chache. Nimeishi hapa tangu nirudi, na sikuwahi kulifikiria hilo mpaka niliposikia watoto wakigombana mezani.

Mtaala huo ulianza mwaka 2020 kwa kidato cha kwanza. Muda mfupi baadaye shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2024, na matokeo yakatoka Februari 2025, mwezi ule ule binti wa kaka yangu alipofika.

Katika mtaala huo, kidato cha kwanza na cha pili kina masomo 11 ya lazima. Kiswahili ni mojawapo. Kidato cha tatu na cha nne masomo ya lazima ni saba: Kiingereza, hisabati, fizikia, kemia, baiolojia, jiografia, na somo linaloitwa Historia na Elimu ya Siasa. Hakuna mtoto anayeweza kulikwepa.

Mada za mwanzo zimepangwa vizuri, na mfanyabiashara wa mpakani angezipenda. Mwanafunzi anaanza kwa kujifunza namna ya kuitafuta historia yenyewe: kwa masimulizi ya wazee, kwa maandishi, kwa vitu vya kale. Kisha anasoma asili ya binadamu, uhamaji wa makabila, kuanzishwa kwa falme, na biashara ya ndani na ya nje ya Afrika Mashariki. Misafara ya kutoka pwani hadi Buganda imo. Sisi wa leo tunaopita Malaba na Mutukula na mizigo ni wajukuu wa misafara hiyo.

Swali langu halikuwa kama somo liwe la lazima. Swali lilikuwa ni kitu gani hasa kinacholazimishwa.

Nilivyolazimishwa kusoma Marekani

Nililiona swali hili kwa mara ya kwanza mbali sana na Ntinda. Nilikwenda Texas kusomea uhasibu. Nilikuwa mtu mzima mwenye haraka: nilifanya kazi usiku, nilisoma mchana, na kila kozi niliyoilipia niliitoa jasho.

Siku ya kwanza mshauri wa wanafunzi alinipa orodha. Juu ya masomo ya uhasibu kulikuwa na historia ya Marekani, kozi mbili. Nikamwambia nimekuja kujifunza hesabu za makampuni na wala sitaishi huko. Akatabasamu. Ilikuwa sheria ya jimbo, hata rais wa chuo asingeweza kuniondolea.

Ni kweli. Katika vyuo vya umma vya Texas, kila anayetaka shahada ya kwanza lazima apate krediti sita za historia ya Marekani, ambazo kwa kawaida ni kozi mbili. Krediti tatu kati ya hizo zinaweza kuwa za historia ya Texas yenyewe. Zaidi ya hapo kuna krediti nyingine sita za serikali na katiba. Vyuo vikuu vya jimbo la California navyo vina sharti la historia na katiba ya nchi. Majimbo mengine hayadai kitu. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa, kila jimbo hujipangia.

Niliingia darasani nimekunja uso. Lakini mwalimu yule, mzee mmoja mkali, alitufundisha jambo ambalo sijalisahau. Alitusomesha tarehe 19 Juni 1865, siku ambayo jeshi la serikali kuu lilitangaza katika mji wa Galveston, Texas, kwamba watumwa wote wako huru. Rais Lincoln alikuwa ametoa tangazo lake la uhuru tarehe 1 Januari 1863. Kwa miaka miwili na nusu watu wa Texas waliendelea kulimishwa pamba bila ujira, ilhali kwa mujibu wa tangazo lile walikuwa huru.

Mara nyingine alitufundisha vita vya mwaka 1846 hadi 1848 kati ya Marekani na Mexico. Kitabu kiliviita vita vya Mexico. Kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu, ambaye wazazi wake walitoka upande wa pili wa mpaka, alinyoosha mkono akasema kwao vinaitwa uvamizi wa Marekani. Mexico ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake. Mwalimu hakumwambia amekosea. Aliandika majina yote mawili ubaoni, akatuambia tuende maktaba tukatafute nani aliviita nini, lini na kwa sababu gani.

Nilipata alama za wastani. Lakini nilitoka na tabia ya kuuliza, na tabia hiyo imenifaa hata kwenye uhasibu, kwa maana mhasibu asiyeuliza karatasi imetoka kwa nani hafai.

Nisije nikaisifu Marekani kupita kiasi. Somo likishakuwa la lazima, wanasiasa nao huja kukaa darasani. Mwaka 2021 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuweka mipaka juu ya namna walimu wa shule wanavyoweza kuzungumzia ubaguzi wa rangi. Mkono ule ule unaosema kila mtoto asome, huweza kesho kusema asome hili na asiulize lile.

Majirani wamefanyaje?

Hapa kwetu kila nchi imepita njia yake, na mfanyabiashara anayehamisha watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine anakumbana na njia zote hizo.

Tanzania imefikiri juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanazuoni wa Dar es Salaam walijadili chuo kikuu kifanye nini katika nchi inayojenga ujamaa. Kutokana na mjadala huo ilizaliwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote, awe wa sheria au wa sayansi, ambayo baadaye ikawa somo la Taaluma za Maendeleo. Mwishoni mwa mwaka 2020 hayati Rais John Magufuli aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kwa lazima mashuleni. Leo mtaala wa huko una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili.

Kenya imekwenda upande mwingine. Katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, iliyoanza Januari 2026, Historia na Uraia ni somo la kuchagua. Mtoto anaweza kufika mlangoni mwa chuo kikuu bila kuligusa tangu alipotoka sekondari ya chini.

Rwanda ilipata mtihani mgumu kuliko wote. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, serikali ilisimamisha kwa miaka kadhaa ufundishaji wa historia ya nchi hiyo mashuleni, kwa sababu historia iliyofundishwa zamani ilikuwa imesaidia kupanda chuki. Wengi waliorudi Rwanda mwaka huo walikuwa wamekulia hapa Uganda. Walikuta nchi ambayo ilibidi kwanza ijiulize itawaambia watoto nini.

Kwa hiyo anayesema historia ni hadithi za wafu hajakaa mpakani. Mpakani historia ina bei. Wazee wa Busia wanakumbuka mwaka 1970, Serikali ya Obote ilipowafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Watu wa Namanga wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukakaa umefungwa hadi 1983. Wahindi waliopewa siku 90 na Amin mwaka 1972, na baadhi yao wakarudi baadaye kudai majengo yao, wanakumbuka. Mtoto anayefanya biashara bila kuyajua haya ni sawa na anayekopesha bila daftari.

“Mtihani unataka jibu moja”

Wiki mbili baadaye daftari la mwanangu lilirudi. Aliandika kurasa nne, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya kwa moyo namna ile. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: “Vizuri. Lakini jina sahihi la vita ni lipi? Chagua moja.”

Nilikwenda shuleni. Sikwenda kugombana, ingawa mwanangu aliogopa hivyo. Mwalimu alikuwa kijana mpole, na mezani pake palikuwa na rundo la madaftari lililofika kidevuni.

“Mama, mimi kazi hii niliitoa kwa sababu mtaala unataka watoto wachunguze,” aliniambia. “Lakini alama za kazi za darasani ni asilimia 20. Asilimia 80 ni mtihani wa mwisho. Mtoto akizoea kuandika majina matatu, nachelea siku ya mtihani ataandika matatu pale panapotakiwa moja.”

Nilimwelewa. Mtungaji wa mtaala anaweza kuandika “chunguza”, lakini mwalimu mwenye madarasa manne anaona mtihani mbele yake. Nilimwuliza kama mtihani wenyewe haujabadilika pia, uulize mtoto kupima ushahidi. Akasema umebadilika, ila woga wa walimu na wazazi haujabadilika.

Akaongeza jambo lingine kwa sauti ya chini. Mwaka 2005 Serikali ilitangaza kwamba fizikia, kemia na baiolojia yatakuwa ya lazima, na kuanzia hapo masomo ya sanaa yakaanza kuonekana kama ya walioshindwa. Kuanzia Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada analipwa shilingi milioni nne kwa mwezi. Mwenzake wa historia, mwenye shahada kama hiyo na anayefundisha watoto hao hao, hakufikishwa hapo. Walimu waligoma Juni 2022. Miezi michache baada ya mazungumzo yetu, Juni 2025, wale wa masomo ya sanaa waligoma tena.

“Somo ni la lazima kwa mtoto,” alisema, “lakini mwalimu wake si wa lazima.”

Nilitoka pale nikiwa na majibu ya sehemu ya swali langu. Kulazimisha somo ni rahisi, ni karatasi na muhuri. Kinachogharimu ni mwalimu mwenye nafasi ya kusoma kurasa nne za kila mtoto, na mtihani usiomwadhibu kwa kusema kwamba jirani yake anakumbuka vingine.

Mimi naunga mkono historia iwe ya lazima. Ningeachiwa nichague nikiwa Texas, nisingechagua, na ningekuwa maskini zaidi wa akili. Lakini lazima iwe ni ya kuuliza, isiwe ya kukariri jina moja. Mtoto aingie darasani na ushuhuda wa nyumbani kwao, atoke na wa jirani pia, akiwa anajua upi una uthibitisho gani. Kwamba wanajeshi wa Uganda waliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, hilo lina ushahidi na halina upande. Kwamba mji wa Masaka ulibomolewa sehemu kubwa Februari 1979, hilo pia. Kwamba maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, hilo pia. Mtoto anayejua matatu yote hajachanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ni yule anayejua moja tu akadhani ndiyo yote.

Nilimwandikia mwalimu barua fupi nikimwomba jambo moja: masimulizi matatu yasomwe darasani kwa sauti. Alikubali. Mwanangu aliniambia kwamba alipomaliza kusoma, msichana mmoja wa nyuma alisema familia yao nayo ina mwaka waliokimbia, ila ni mwaka mwingine na walikimbilia kwingine. Kengele ikalia, na hakuna aliyetoka mpaka amalize.

Kwa anayevuka mpaka na mtoto

Kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mna mtoto upande huu na cheti upande ule, niseme machache niliyojifunza.

Kwanza, anza mapema. Ukishapata matokeo, usingoje wiki ya kufungua shule ndipo uanze kutafuta ulinganisho wa vyeti. Njoo na cheti au matokeo halisi, usije na nakala peke yake, na hakikisha majina yanafanana kwenye karatasi zote. Jina la ubatizo lililoongezwa mpakani huleta usumbufu.

Pili, uliza shule mapema mtoto atakuta somo gani la lazima ambalo hakulisoma alikotoka. Anayetoka Kenya anaweza kuwa aliiacha historia. Anayetoka Kongo anaweza kuwa ameisoma kwa Kifaransa. Mtafutie mtu wa kumsaidia kabla ya mtihani wa kwanza, siyo baada yake.

Tatu, Kiswahili. Watoto wetu wa mpakani wanakijua, na wengi hukificha wakifika Kampala. Wazee wengi wa huku walikijua kama lugha ya wanajeshi barabarani, wakakiogopa. Sasa ni somo la lazima kwa miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wako asione haya. Hilo ni somo ambalo anaweza kuwafundisha wenzake.

Nne, na hili ndilo gumu, mwambie mtoto yaliyowapata. Shule haiwezi kumwuliza mzee ambaye nyumbani haulizwi.

Simu ya Missenyi

Binti wa kaka yangu alipata nafasi ya kidato cha tano. Alipoulizwa achague masomo, alichagua historia, uchumi na jiografia. Baba yake alitaka hisabati. Alinipigia simu kulalamika, nikamwambia mpaka wote wa Mutukula umejaa hesabu, tuache mmoja aijue sababu.

Usiku mmoja alimpigia babu yake. Tulimsikiliza sote, mwanangu, mimi, na mama wa Arua aliyekuwa amekuja kuangalia taarifa ya habari. Binti alimsalimia mzee kwa heshima zote, akamwuliza habari za migomba na mvua. Kisha akauliza jambo ambalo, kwa alivyosema mama yake baadaye, hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuuliza.

“Babu, mlipofika Masaka mlifanya nini?”

Simu ilikaa kimya hata tukadhani muda wa maongezi umekwisha. Ndipo sauti ya mzee ikaja, ya taratibu.

“Nani amekufundisha kuuliza hivyo?”

“Shuleni, babu. Na hapa nyumbani.”

“Likizo uje,” alisema mzee. “Uje na daftari. Mambo hayo hayasemwi kwenye simu.”

Mama wa Arua alikuwa ameinamia vitenge alivyoviweka mapajani. Alivikunja upya, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa vimekunjwa.

“Mwulize,” alimwambia binti, “kama na mimi naweza kuja.”